Chumvi Kooni

Leo nimepiga kelele hospitalini Mbarara mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakachungulia dirishani.

Mimi, ambaye kambi nzima ya Nakivale inajua kwamba simwogopi mtu!

Macho yangu hutiririka machozi hata nikisoma gazeti. Muuguzi akaingiza sindano butu kwenye kitundu cha machozi, pembeni ya jicho, akasukuma maji. Mara nikaonja chumvi kooni.

"Damu! Mmenitoboa!"

"Ssebo, bwana, hiyo maji ya chumvi tu," akacheka. "Njia ya ndani iko wazi. Mlango ndio mdogo."

Daktari akanipa njia mbili: kupanua kitundu kwa kijiti cha chuma, ingawa huweza kuziba tena, au kukikata kidogo kwa mkasi, kikae wazi zaidi.

Mkasi! Jichoni!

Nikabisha, nikauliza, nikabisha tena. Nikamgeukia mke wangu, aliyekuwa amenishika mkono.

"Bakate tu, Baba Neema. Sitaki kusikia ile kelele mara mbili."

Basi ni mkasi, Jumatatu. Naogopa, jamani.

Mliowahi kukatwa, niambieni ukweli. Wa kunifariji wakae kimya.