Ufunguo wa Pili wa Kebaso

Saa kumi na mbili asubuhi, Boito. Ukungu bado umelalia majani ya chai Kebaso Orina anapobisha kwa jirani yake.

"Nipe ufunguo, ndugu yangu."

Kipkorir anautoa dirishani, macho nusu yamefumba. "Huyu mtu amenimalizia usingizi," analalamika huku akicheka. "Hata jogoo yangu siku hizi inamngojea yeye ndio iwike."

Kebaso ni mlinzi wa shamba la chai upande wa msitu. Hufukuza nyani na nguruwe mwitu wanaovamia mahindi ya wafanyakazi, na kwa kuwa ofisi iko mbali, bunduki ya shamba inalala kwake. Inalala tupu, ndani ya sanduku la mbao lililopigiliwa ukutani, na ufunguo wake anauvaa shingoni. Risasi ziko kwenye sanduku jingine lenye kufuli yake. Ufunguo wa hiyo kufuli ndio unaolala kwa Kipkorir.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka juzi, 1971, bunduki ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, risasi ndani, koti la mvua juu yake.

"Nilitaka ikae tayari," anasema. "Nyani hawapigi hodi."

Asubuhi moja binti yake, Gesare, alilivuta koti akimbilie shule. Bunduki ikaanguka, ikalia. Marisau, zile chembe za risasi, yakatoboa mabati juu ya kichwa chake. Mtoto hakupata hata mkwaruzo, lakini mama yake, Yunia, alifunga mizigo siku hiyohiyo, akamshika mkono wakaenda kwa wazazi wake, ng'ambo ya Sotik.

"Aliniambia, 'Baba Gesare, mimi na hiyo kitu hatulali nyumba moja.'"

Tangu hapo anapika ugali wa mtu mmoja, na bado hajaujulia kipimo. Kila jioni unabaki. Mvua ya alasiri, ambayo huku haikosi, hupita kwenye yale matundu na kudondokea sufuria aliyoiweka pale Gesare aliposimama. Hajayaziba. Upweke umemwelemea, na wala haufichi.

"Nikisikia tone, naona ni kama kuna mtu ndani."

Sasa Kipkorir anahamia Kiptere mwisho wa mwezi, na ufunguo unatafuta mtunzaji mpya. Majirani wengine wamejitolea kuutunza. Kebaso amewakatalia wote.

Jumamosi Yunia huuza ndizi sokoni Sotik. Kebaso atakwenda, ufunguo mfukoni.

"Nitamwambia, 'Mama Gesare, shika hii. Kuja uone sanduku. Risasi zitakuwa chini yako. Usipofungua wewe, hiyo bunduki ni fimbo tu.'"

Akiukataa je?

"Basi narudisha bunduki ofisini, wanipe kikapu nichume chai. Mshahara utashuka, na karo ya Gesare itanisumbua. Lakini nimechoka na nyumba hii tupu."

Na akiupokea?

Anainama, anavuta mkebe kutoka chini ya kitanda. Ni lami ya kuzibia mabati, haijafunguliwa, kifuniko kimeshika kutu.

"Nilinunua siku ileile walipoondoka," anasema. "Nilifikiri watarudi jioni."