Matone Yaliyosuuza Sindano

Matone mawili ya maji yaliyosuuza sindano ya kunyonyea chembe za uvimbe, wewe ungeyamwaga? Wengi humwaga. Mtaalamu mmoja wa maabara hakumwaga hata mara moja kwa miaka kumi na tisa. Aliyatia kwenye vichupa vyenye dawa ya kuhifadhi na kuvipanga kwenye friji hadi mlango ukagoma kufunga. Wenzake wakambandika jina: Bwana Friji.

"Bwana Friji, tupa hayo makombo," mkuu wake alimfokea Jumatatu.

"Makombo ya mtu ni mtu, bosi."

Jumanne akaja mwalimu wa chekechea mwenye uvimbe kwenye tezi ya shingo. Alikuwa ameshachomwa sindano mara mbili, na mara zote hadubini haikuonyesha wazi kama ni saratani au la. Daktari alitaka kumchoma ya tatu.

"Sichomwi tena! Nitafutieni shingo nyingine. Kama hamjui, naondoka zangu na uvimbe wangu."

Na kweli akanyanyua mkoba. Bwana Friji, aliyekuwa mlangoni na trei, akamzibia njia.

"Dada yangu, nipe mpaka jioni tu. Masalia ya sindano yako ninayo."

Ndani ya masalia hayo alitafuta jeni mbili. Kwa kawaida kila moja hukaa kwake. Katika baadhi ya saratani za tezi hiyo hukatika na kuungana, na muungano wa aina hiyo ukionekana, daktari habahatishi tena.

Saa tisa alasiri mstari kwenye kompyuta, ambao hupanda muungano huo ukiwepo, ulikuwa bado umelala chali. Ghafla ukainua kichwa. Ukapanda! Mstari wa kichupa cha maji matupu, kilichowekwa kwa uhakiki, haukutikisika.

"Rudia," mkuu alisema.

Akarudia. Ukapanda tena, palepale.

"Tumeikamata!" mkuu alipiga meza.

Ilikuwa saratani, ndiyo, lakini uvimbe ulikuwa bado mdogo, wa kuweza kuondolewa kwa upasuaji. Bwana Friji alikwenda mbio kwa daktari, ngazi mbilimbili.

Kesho yake asubuhi, alipopeleka majibu yaliyopigwa mhuri, alimwona mwalimu ameketi mbele ya daktari wa upasuaji, fomu ya kukubali upasuaji imeshatiwa sahihi, kidevu juu. Daktari alishika kalamu ya kuchora ngozi.

"Shuka kidogo, baba," mwalimu alimwelekeza kwa kidole. "Hapo. Hapo ndipo shanga zangu zinapokaa, zitalificha kovu. Haya, chora."