Adhuhuri Niliyojichagulia

Ninaikumbuka asubuhi moja mjini Iringa, mwanangu, asubuhi ya ukungu ule unaoingia hadi dukani na kukaa juu ya majora ya vitambaa kama mteja asiye na haraka. Nilikuwa msichana bado, fundi cherehani kwenye baraza la duka la familia moja ya Kihindi. Mama mzazi wa mwenye duka, Bibi Kusum, alisoma nyota kwa elimu ya kwao, aliyofundishwa na baba yake. Leo nyinyi mnazisoma kwenye simu. Umeniambia unataka kumwacha mwenzako wa kazi kwa sababu sayari mbili zimekutana vibaya. Sikucheki. Mimi njia hiyo niliipita, ngoja nikusimulie.

Mwenzangu aliitwa Sekela, Mnyakyusa kutoka Mbeya. Tulishona bega kwa bega, naye akanishawishi tupange chumba mtaa wa Ipogolo, hapo hapo Iringa, tufungue kazi yetu wenyewe. Yeye alikuwa na maneno matamu kwa wateja, mimi nilikuwa na mkono mtulivu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kabla ya kumpa jibu, nilitaka kwanza kusikia nyota zinasemaje.

Bibi Kusum akatandaza kitambaa cheusi mezani, akachukua chaki ya fundi, akachora mraba na kuugawa vyumba kumi na viwili.

"Hizi ni nyumba," akasema. "Ya kwanza ni wewe mwenyewe. Ya saba ni mwenzako, wa ndoa au wa biashara. Ya kumi ni kazi yako. Sayari zinatembea, binti. Zikikutana nyumba moja, ni kama wanawake wawili katika jiko moja. Lazima wazungumze."

Alieleza polepole, kama anayemwonyesha mtu kupiga pindo. Zuhura hupenda uzuri, Mshtarii hukuza anachokigusa, Mirihi ana moto, na Zohali ana mwendo wa kobe, hafundishi jambo upesi.

"Sasa nipe siku na saa uliyozaliwa."

Siku ilikuwa kwenye cheti changu cha ubatizo. Saa sikuijua, nyumbani kwetu Igowole hapakuwa na saa. Hapo ndipo nilipokosea. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia akimweleza mteja kwamba mtu aliyezaliwa adhuhuri, jua humkalia katika nyumba ya kazi, naye hupata cheo. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Saa sita mchana, Bibi."

Akafungua kitabu chake cha miendo ya sayari, akaanza kuandika. Jua likaingia nyumba ya kumi, kama nilivyotaka, nikatabasamu moyoni. Kisha akaandika Mirihi na Zohali pamoja, ndani ya nyumba ya saba, na chaki ikasita.

"Moto na baridi, katika nyumba ya mwenzako," akasema. "Ushirika huu utakuwa na ugumu. Mkae chini, mzungumze..."

Mengine sikuyasikia. Nilikuwa nimeshika neno moja tu, ugumu.

Nilipomwambia Sekela, alicheka kwanza. "Yaani wewe Mhehe unaniacha kwa sababu ya chaki? Huyo Zohali mimi hata hatujawahi kugombana." Sikumjibu. Nikawa simjibu siku ya pili, na ya tatu, hadi akaacha kucheka. Mwisho wa juma alifunga cherehani yake kwa kamba, akapanda basi la Mbeya.

Nikaenda nyumbani Igowole nikijuta. Mama alikuwa akipukuchua mahindi, nami nikakaa nikamsaidia, na katikati ya punje nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza mapema, kama kweli nilizaliwa adhuhuri.

"Adhuhuri? Nani kakudanganya? Ulizaliwa jua likichungulia tu, sakitu, ule umande ulioganda, iko nyeupe kwenye majani. Bibi yako alikutoa mlangoni, akakuonyesha jua kabla hata ya kukuogesha."

Mwanangu, niliiona asubuhi ile kama niliyekuwa macho. Majani meupe, mwanga mwembamba wa dhahabu, na mikono ya bibi yangu ikinielekeza kwenye jua lililokuwa langu tangu mwanzo.

Nilirudi Iringa nikakiri kosa langu kwa Bibi Kusum.

"Kwa hiyo nimesoma nyota za mtu ambaye hajazaliwa," akasema. "Na Sekela ameondoka kwa ajili ya huyo mtu."

Akachora upya. Jua likakaa nyumba ya kwanza. Mirihi na Zohali zikahamia nyumba ya kumi.

"Ulivuta jua, nyumba zote zikazunguka nalo. Ugumu hauko kwa mwenzako. Uko kwenye kazi yako. Utafanya kwa moto, utavuna kwa kuchelewa. Mtu wa namna hiyo anamfukuza msaidizi?" Kisha akapangusa kitambaa kwa kiganja, na nyumba zote kumi na mbili zikawa vumbi. "Chaki inaonyesha pa kukata, binti. Mkasi umeshika wewe. Nenda Mbeya."

Nilimkuta Sekela huko Mbeya, mtaa wa Uyole, akishona kwenye baraza la shangazi yake. Nikamweleza yote. Hakuacha kukanyaga cherehani.

"Na leo nyota zinasemaje?"

"Zinasema kazi itakuwa ngumu."

"Hilo hata mimi ningekwambia." Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Haya, beba kichwa cha cherehani. Miguu nitabeba mimi."

Na kazi ilikuwa ngumu kweli, na matunda yalichelewa, na yalikuja. Hadi leo, jua likishazama, siku ambazo Zuhura na Mshtarii zinakaribiana juu ya Ipogolo, Sekela huniita nje tuzitazame. Zinaonekana kama zimeshikana mikono, ilhali kila moja iko kwenye njia yake.

Basi mwanangu, ukitaka kusoma nyota, soma, ila upeleke saa yako ya kweli, hata kama haina fahari. Zikikuonyesha ugumu, usikimbilie kuutwisha mwenzako. Uliza kwanza kama si wa nyumba yako mwenyewe. Na ukiujua, mwambie kwa mdomo, usimwambie kwa kimya. Mungu akupe jua la saa yako, na mtu wa kubeba nawe upande wa pili.