Mwalimu wa Chemchemi ya Kanazi

Baada ya miaka mingi ya kutangatanga nikifunga mabomba visiwani Muleba, nilitamani nyumbani, nikarudi Kanazi kusimamia mradi wa maji. Bila cheti, kazi ingekwenda kwa mwingine. Nikaanza kusoma chuo kwa simu, kwa siri, katika umri huu wa miaka arobaini na mitano.

Shangazi akanikuta na miwani, nikiieleza simu habari za vyanzo vya maji. Akakitangazia kijiji kizima kwamba nafundisha chuo. Sikumsahihisha, maana kuitwa mwalimu kulikuwa kutamu.

Siku ya mtihani wa vitendo nilitakiwa kupima chemchemi mhadhiri akinitazama kwenye simu. Nikamkuta Shangazi ameketi pale na majirani.

"Tumekuja kusikia somo, mwalimu."

Ndoo ilitaka mikono yote miwili, hivyo simu niliiweka juu ya jiwe, sauti hadi mwisho. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa sekunde arobaini.

"Nusu lita kwa sekunde," nikasema.

"Sahihi," simu ikanguruma. "Hongera, mwanafunzi wangu. Umefeli mara mbili, leo umefaulu."

Majirani wakapiga vigelegele. Shangazi akanipangusa matope usoni.

"Waitu, jamani, kumbe mwalimu naye ana mwalimu wake."