Majani ya Bure

Mwaka ule mvua ilikata mapema, na mahindi yote ya Marui yakakaukia shambani. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki watatu, mama, mimi na mdogo wangu wa kike, na tegemeo letu lilikuwa kishamba cha muhogo nyuma ya nyumba. Muhogo wenyewe ulikuwa bado mchanga, na mama alitukataza kuuchimba.

"Atakayechimba hata mmoja atanijua mimi ni nani," alisema. "Hiyo ni akiba yetu. Majani chumeni, majani ni ya bure."

Basi tukachuma. Asubuhi kisamvu, jioni kisamvu, kimetwangwa kinuni na kuchemshwa kwa chumvi tu, maana nazi hatukuwa nayo. Kila tawi lilipochipua tuliliwahi. Shamba zima likabaki fito tupu, nasi tukajiona watu wenye subira kwa kuwa mizizi hatukuigusa.

Mama alipoamua kuchimba, mdogo wangu alikuwa hawezi tena kusimama. Mama aling'oa shina la kwanza, la pili, akaendelea mpaka mwisho wa tuta. Chini kulikuwa na mizizi myembamba kama mikia ya panya. Hakulia. Alisema jirani aliyeusifia muhogo wetu ulipochipua ndiye aliyetutupia jicho baya. Mdogo wangu tulimzika kabla ya mvua kurudi, na yule jirani mama hakumwamkia tena.

Miaka ilipita, nikapata nafasi ya kusoma Kisarawe. Siku moja mwalimu akaingia darasani na jani la muhogo mkononi. Akasema hili ndilo jiko la mmea: linanasa mwanga wa jua, linachukua hewa, linaletewa maji na mizizi, kisha linapika chakula, na kinachozidi ndicho kinachowekwa akiba chini. Mwenzetu mmoja akauliza, je, majani yakichumwa yote?

"Jiko umelivunja," alisema mwalimu. "Hiyo akiba itatoka wapi?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilimchukia yule mwalimu kwa muda mrefu, na hakuwa na kosa lolote.

Likizo ilipofika nikarudi nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, huko wamekufundisha nini?"

Nikamwambia hesabu. Akaridhika, akanipakulia ugali na kisamvu, safari hii cha nazi, nami nikala chote huku ananitazama.