Kaseti ya Uzi Mwekundu

Juzi nilikuwa Riyadh kwa mwanangu. Mjukuu wangu, ambaye kwa hesabu hakuna wa kumgusa darasani kwao, akafungua simu, wimbo ukalia, akaanza kuruka. Nikamwambia wimbo huo nimeucheza kabla babake hajazaliwa. Akacheka, akasema umetoka wiki hii. Rimiksi, eti. Wanauvua nguo wanauvika nyingine. Mimi kukaa sikuweza. Nikazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutaga, na ulipokwisha nikatega sikio.

Ngoja nikueleze, shoga yangu.

Tulikuwa tukikaa Karantina, kule Jeddah, nyumba nzima ikinuka samaki wa kukaanga. Wazee wangu walitoka Unguja, na kwetu hakuna aliyejua kuandika. Basi tukitumiana kaseti. Bibi yangu, aliyebaki kule, akisema mpaka mkanda uishe, mahujaji wakituletea. Ya mwisho mama aliifunga uzi mwekundu, isiguswe. Kila alasiri akichagua mchele huiweka: bibi anasimulia kuku wake, anakohoa, anauliza kama tunasali. Mama humjibu kama yuko jikoni.

Jirani yetu, dereva wa lori, akarudi na kaseti kutoka Riyadh. Waingereza wanasema mbiombio kama wanagombana sokoni, na chini ngoma inadunda. Upande mzima wimbo ule ule mmoja, kila mara umepikwa vingine. Miguu ikaniwasha. Akaniazima mpaka magharibi, na kaseti tupu sina. Nikafungua uzi mwekundu, nikanakili juu yake. Nilijua ninachofanya, sitasema uongo na uzee huu. Nilijiambia bibi ataleta nyingine, na kuku ni wale wale.

Hakuleta. Mahujaji waliofuata walileta habari ya msiba.

Mama akaenda moja kwa moja kwenye kaseti yake. Waingereza wakaanza kufoka. Nikangoja kofi. Yeye amekaa tu, sinia la mchele mapajani, anawaacha waimbe, mara ya kwanza, ya pili, ya nne, mpaka wakaisha na mkanda bado umebaki kidogo. Ndipo bibi akasema, "Haya, mkanda unakwisha. Na huyo mtundu msimpige." Akakohoa. Mashine ikajizima.

Mama akaniangalia. Hakunipiga.

Tangu siku hiyo mama yangu, aliyekuwa akisema muziki ni haramu, alisikiliza ngoma ile kila alasiri tangu mwanzo hadi mwisho. Kuupeleka mkanda mbele alikataa, akihofia mashine itautafuna. Majirani wakasema msiba umemtia wazimu.

Ikautafuna hata hivyo. Mama naye kenda zake, na mtaa wetu umevunjwa, hata ukuta mmoja sikuukuta. Wimbo ndio haufi. Kila baada ya miaka kadhaa huja na sura mpya, nami nikiusikia situlii mpaka ufike mwisho.

"Bibi, umeshakwisha," mjukuu akaniambia juzi. "Unangoja nini tena?"

Nikamwambia anyamaze kidogo.