Popo wa Paa la Gerlof

Sjoukje hakuwahi kumaliza kahawa yake ikiwa bado ya moto. Miaka thelathini alipika katika jiko la shule hapa kijijini kwetu, karibu na mji wa Dokkum, na alipostaafu tulidhani atatulia. Wapi! Mwaka ule ule paka wake alimletea ndege mdogo sebuleni. Sjoukje hakuona jeraha, akamwachia aruke. Kesho yake akamkuta amekufa chini ya ua. Daktari wa wanyama, binti aitwaye Hinke, akamweleza kwamba mate ya paka ni sumu kwa kiumbe mdogo. Hata tundu la jino lisiloonekana humuua asipopata dawa. Maneno hayo yalimkaa kifuani. Paka wake alipokufa hakufuga mwingine, ila kila mwenye paka kijijini alijua mlango wa kubisha paka wake akijeruhi kiumbe.

Siku mumewe Durk alipotimiza miaka sabini, viti vilipangwa duara, wageni wakiwa na keki mapajani. Jirani yao Gerlof akaingia na sanduku la viatu.

"Samahanini. Sjoukje, paka wangu amefanya mambo."

"Umemshika kwa mikono mitupu?"

"Nimevaa glavu za bustani. Kwani mimi mtoto?"

Ndani kulikuwa na popo, mdogo kama kidole gumba, bawa limetobolewa. Sjoukje alishafika kwenye ndoano ya funguo za gari.

"Leo tu," Durk akamwambia kwa sauti ya chini. "Leo tu kaa, mke wangu."

"Nitakaaje, Durk? Nitakuwa nakutazama wewe huku namwona yeye."

"Basi niwaambie wageni umenikimbia kwa ajili ya popo?"

Wageni wakacheka. Durk hakucheka. Alitazama keki yake kidogo, kisha akachukua koti. "Nipe hilo sanduku. Ukiendesha huku unachungulia, tutaishia mferejini."

Hinke alimgeuza popo chini ya taa, akamchoma sindano. Halafu akainama kukitazama kifua chake tena.

"Nini?" Sjoukje akauliza. "Sema basi."

"Ananyonyesha. Ana kitoto mahali fulani."

"Kwenye paa la Gerlof. Wako wengi pale."

"Inafaa abaki nami siku tano. Lakini kitoto hakiwezi kungoja siku tano. Tukimrudisha leo, hii dawa itadumu siku chache tu, na huenda isitoshe."

Sjoukje akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Durk akamfuata kwa macho.

"Bawa litapona?" Durk akauliza.

"Tundu dogo hujiziba lenyewe," Hinke akajibu.

"Basi arudi," Sjoukje akasema, na mara akatamani asingelisema.

Jua lilipozama Gerlof alimfungia paka jikoni. Sjoukje akapanda ngazi, akaliegemeza sanduku ukutani. Popo alitetemeka kwa muda mrefu, akatambaa juu ya matofali, akapenya chini ya kigae.

"Nimfungie paka mpaka lini?" Gerlof akauliza. Kucha zilisikika zikikwangua mlango.

"Kila jioni, mpaka Agosti, vitoto vikishajua kuruka."

"Ataniharibia mlango!"

"Utapaka rangi, jirani."

Gerlof alinung'unika, lakini alimfungia. Najua, kwa sababu kelele za yule paka zilifika kwangu.

Sjoukje naye alikuja kila jioni kusimama chini ya paa lile. Siku moja alihesabu popo kumi na mmoja wakitoka, siku nyingine kumi na watatu, kisha tisa, akapoteza hesabu. Wote walifanana. Asubuhi alipekua majani chini ya ukuta akitafuta kitoto kilichoanguka. Hakukiona, na hilo pia halikumpa raha, maana huenda kilikuwa kimefia ndani ya paa.

Wiki ya pili Durk alimfuata, mikono mfukoni.

"Umemwona wako?"

"Sijui."

"Yule je? Anayeyumbayumba kidogo?"

"Sijui, Durk," akasema, tayari akihamia upande wa pili wa nyumba ili aone vizuri zaidi.